Krismasi Kwenye Soko la Watumwa

Tarehe 25 Desemba 1873, Wakristo walikusanyika Mkunazini, Unguja, kwenye kiwanja ambacho miezi michache nyuma kilikuwa soko la kuuzia watu. Walikuja kuweka jiwe la msingi la kanisa. Wangeweza kungoja Pasaka, sikukuu ya ushindi. Wangeweza kungoja Juni, itimie mwaka tangu Sultani Barghash bin Said atie saini mkataba wa kulifunga soko hilo. Jiwe likawekwa siku ya Krismasi. Nimeifuata kwa miguu na kwa vitabu njia iliyowafikisha watu pale, watumwa na wamisionari, kwa sababu naamini hakuna mahali katika pwani yetu panapoeleza maana ya sikukuu hii waziwazi kuliko pale.

Njia yenyewe haianzii Unguja. Inaanzia mbali bara, kando ya Ziwa Nyasa na katika nchi za Wayao na Wamakua, kwenye vijiji vilivyovamiwa na kuchomwa moto. Kutoka huko misafara iliteremka hadi Kilwa Kivinje, watu wazima wakiwa wamefungwa makongwa shingoni, watoto wakitembea kando ya mama zao, na wengine wakibebeshwa pembe za ndovu. Njaa, ndui na uchovu viliwaua wengi kabla hawajaiona bahari. Waliobaki walishindiliwa majahazini. Hesabu za forodha ya Kilwa za miaka mitano, kuanzia 1862 hadi 1867, zinaonyesha kwamba zaidi ya watumwa 90,000 walisafirishwa kutoka bandari hiyo peke yake, na sehemu kubwa yao walipelekwa Unguja. Mtumwa alitozwa ushuru kwa kichwa, kama bidhaa nyingine yoyote. Karani aliandika idadi na fedha. Majina hakuyaandika.

Unguja walishushwa ufukweni, upande wa forodha. Leo boti za Dar es Salaam zinatia nanga karibu na hapo, na wachukuzi wanagombania mizigo ya abiria. Kutoka pwani nilikata vichochoro vya Kiponda kuelekea mashariki. Ni mwendo mfupi, haufiki kilomita moja. Unapita chini ya milango ya nakshi na madirisha ya mbao, unapita barazani ambako wazee wamekaa na vikombe vya kahawa, unasikia adhana ikijibiwa na adhana. Majumba mengi ya mitaa hiyo yalijengwa kwa utajiri wa pembe na karafuu, na karafuu zililimwa na watumwa. Mbele kidogo Mji Mkongwe unakoma. Inapopita leo Barabara ya Benjamin Mkapa, zamani palikuwa na hori, maji ya bahari yakijaa na kutoka. Ukingoni mwa hori hiyo ndipo palipo Mkunazini.

Soko la watumwa lilikuwa limehamahama mjini kabla ya kutulia hapo. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza, Thomas Smee, alifika Unguja na kuandika alichokiona sokoni. Mnada ulifanyika alasiri. Watumwa walisafishwa, wakapakwa mafuta ya nazi mpaka ngozi zikang'aa, nyuso zikachorwa mistari ya rangi, wakavishwa na mapambo. Kisha walipangwa mstari mmoja, mdogo kabisa mbele, mkubwa nyuma. Mtoto wa miaka sita ndiye aliyetangulia. Wakatembezwa sokoni huku bei zao zikinadiwa, na aliyevutiwa alimsimamisha amtakaye, akamkagua kinywa, meno na viungo. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi, na kila mara jicho langu linabaki kwa yule mtoto wa mbele. Mafuta ya nazi ambayo mama angempaka baada ya kumwogesha alipakwa na mtu aliyetaka bei ipande.

Ni rahisi kulisimulia soko hilo kana kwamba Wakristo walikuwa mbali nalo hadi walipokuja kulifunga. Historia hairuhusu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa waliochukuliwa na Wafaransa walipelekwa kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Huko kulikuwa na makanisa, na kengele za Krismasi zilipigwa kila mwaka. Pembe zilizobebwa mabegani na watu waliofungwa kamba ziliishia Ulaya na Marekani, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi katika nyumba ambazo pia ziliimba kuzaliwa kwa Mwokozi. Anayetaka kuijua maana ya Krismasi lazima alikabili jambo hili kwanza: inawezekana kuisherehekea sikukuu nzima, na nyimbo zake zote, bila kumwona mtu aliyeifanya meza ijae.

Wamisionari waliolifikia soko walifika kwa njia ya kuzunguka. Tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alihutubia Cambridge na kuwasihi vijana wa vyuo vya Uingereza waje Afrika. Hotuba hiyo ilizaa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Kundi la kwanza, likiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, lilipanda Mto Shire mwaka 1861 na kuanzisha kituo Magomero, katika Malawi ya leo. Mwezi Januari mwaka uliofuata Mackenzie alikufa kwa homa, na wenzake kadhaa wakamfuata kaburini. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliamua kuhamishia kazi Unguja, akafika huko mwaka 1864 pamoja na padri mmoja mwenye kipaji cha lugha, Edward Steere. Wakatoliki walikuwa wamekwisha tangulia: Padri Armand Fava na wenzake waliwasili kutoka Réunion siku chache kabla ya Krismasi ya 1860, na baadaye, mwaka 1868, misheni ya Kikatoliki ikavuka bahari hadi Bagamoyo.

Waanglikana walianza kazi yao na watoto watano. Walikuwa wavulana waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, na Sultani Majid bin Said akamkabidhi Tozer awalee. Shule ya kwanza ya misheni hiyo Unguja ilikuwa hao watano. Mmoja wao, aliyebatizwa John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza kulifikia daraja hilo katika misheni yao. Wavulana wengine waliokombolewa walifundishwa kupiga chapa. Walipanga herufi za risasi kwa mikono yao, na vitabu vya Kiswahili vikatoka kwenye mtambo wao. Steere aliwasikiliza watu wa Unguja, akaandika sarufi na hadithi zao, na kabla ya kufariki mwaka 1882 alikuwa ameikamilisha tafsiri ya Agano Jipya. Kwa hiyo habari ya Bethlehemu ilipita mikononi mwa watoto walioponea mnada kabla haijawafikia Waswahili wengi kwa maandishi.

Mwaka 1873 mambo yalikwenda kasi. Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshawishi Sultani Barghash aache biashara ya watumwa, akakataa. Balozi John Kirk akarudi na tishio la kuziba bandari kwa manowari. Tarehe 5 Juni mkataba ulitiwa saini na soko likafungwa. Kiwanja cha Mkunazini kikapatikana kwa misheni, sehemu yake ikiwa zawadi ya mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Miezi sita baadaye likaja jiwe la Krismasi. Mwaka uliofuata Steere alifanywa askofu, na kwa miaka kadhaa alisimamia ujenzi mwenyewe. Paa alilitengeneza kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likajikunja kama tao refu lisilo na boriti hata moja, huku wengi wakiamini kwamba litaanguka. Halijaanguka hadi leo. Sultani Barghash, Mwislamu, alitoa saa kwa ajili ya mnara. Kanisa likaitwa Kanisa la Kristo.

Ukiingia kupitia mlango wa magharibi unakutana na nguzo fupi za mahali pa kubatizia, na ukiziangalia vizuri utaona zimesimama kichwa chini. Mafundi waliziweka hivyo Steere alipokuwa hayupo, na hazikung'olewa. Kwenye nguzo nyingine umetundikwa msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Nenda mbele zaidi. Sakafuni, mbele ya altare, pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na rangi nyekundu. Mapokeo ya kanisa yanasema hapo ndipo lilipokuwa gogo la kufungia watumwa na kuwachapa viboko, ili wanunuzi wapime nguvu zao. Asiyelia alipanda bei. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya altare hiyo.

Basi kwa nini Krismasi? Jibu liko ndani ya habari yenyewe ya kuzaliwa kwa Yesu, tukiisoma tumesimama kwenye duara hilo.

Luka anaianza habari kwa orodha. Kaisari Augusto anaamuru watu wahesabiwe, na wazazi maskini wanalazimika kusafiri ili majina yao yaingie kwenye daftari la dola. Mtoto anazaliwa safarini, analazwa horini kwa kuwa hapakuwa na nafasi. Wanaompokea kwanza ni wachungaji wa zamu ya usiku. Siku ya kumtoa hekaluni, wazazi wake wanaleta sadaka ya ndege, ile ambayo sheria ya Musa iliiruhusu kwa mtu asiyemudu kondoo. Mathayo anaongeza kwamba mfalme aliwaua watoto na familia ikakimbilia Misri. Hayo yote mtu wa Mkunazini aliyajua mwilini: kuhesabiwa na watawala, kufukuzwa nyumbani, kuona watoto wakiuawa, kulala palipo na wanyama. Katika Injili, Mungu anaingia duniani kwa mlango huo huo.

Paulo alikwenda mbali zaidi. Akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, alisema kwamba Kristo, ambaye alikuwa sawa na Mungu, alijishusha na kutwaa hali ya mtumwa. Wakristo wa karne ya nne, waliokuwa wakijenga misingi ya sikukuu hii, waliyachukua maneno hayo kwa uzito. Roma ilikuwa tayari ikiadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba mnamo mwaka 336. Karibu na mwaka 380, Gregori wa Nazianzi alihubiri kuhusu sikukuu hiyo huko Konstantinopoli, na katika barua yake mashuhuri alifundisha kwamba sehemu yoyote ya ubinadamu ambayo Kristo hakuitwaa ingebaki bila kuponywa. Kwa hiyo alitwaa yote: mwili, akili, uchungu, na unyonge wa wanyonge. Rafiki yake, Gregori wa Nisa, akaitoa hoja hiyo kanisani na kuipeleka sokoni. Katika mahubiri yake juu ya kitabu cha Mhubiri aliwakemea wenye watumwa bila kuzunguka, akiwauliza ni bei gani wanayoweza kuipanga kwa kiumbe aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na ni nani aliyempa mtu hati ya kummiliki mwenziwe. Hoja hiyo ilitamkwa miaka takriban 1,500 kabla ya Mkunazini kufungwa. Kama Wakristo wangeisikia, Morice asingekuwa na mkataba wa kuandika.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishika nikiwa pale. Mtoto wa Bethlehemu naye alikuja kuuzwa. Vipande 30 vya fedha alivyolipwa Yuda ndiyo fidia ambayo kitabu cha Kutoka kiliiweka kwa mtumwa aliyeuawa na ng'ombe wa mtu. Injili inaufunga mviringo wake hapo: aliyezaliwa katika hali ya mtumwa alithaminiwa bei ya mtumwa. Ndiyo maana Krismasi na mahali pa mnada vinakutana bila kulazimishwa. Mkristo anayepiga magoti juu ya duara lile jeupe anakiri kwamba Mungu alikwisha fika hapo kabla ya mmisionari yeyote, upande wa aliyefungwa. Lililochelewa kufika ni Kanisa.

Njia inaendelea kusini mwa mji. Kiungani palikuwa na shule ya misheni, na mbele zaidi, Mbweni, misheni ilinunua shamba mwaka 1871 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazini. Walipewa viwanja, wakajenga nyumba, wakaoana, wakazika wafu wao. Lakini wengi walikuwa na kwao, na kwao kulikuwa bara. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na watu zaidi ya 50 wa Mbweni, wanaume, wanawake na watoto, wakavuka kwa meli hadi Lindi na kuanza kupanda bara kwa miguu. Walikuwa wakiifuata kinyumenyume njia waliyoburutwa nayo. Shabaha ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, kwenye majabali makubwa na maji ya kutosha, waliamua kukaa. Miaka sita baadaye kijiji chao kilishambuliwa na Wangoni na wengine wakatekwa tena. Waliosalia hawakuondoka. Dayosisi ya Masasi ya leo ina mizizi kwa watu hao.

Kati ya watoto waliopitia njia hii alikuwemo Myao mmoja aliyetekwa akiwa mdogo, akalelewa na misheni Unguja na kubatizwa kwa jina la Cecil Majaliwa. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo, na akafanya kazi kwa miaka mingi Chitangali, miongoni mwa Wayao wenzake. Nawaza maana ya Krismasi kwa padri huyo. Aliwahi kuwa na bei. Sasa alisimama mbele ya watu wake na kuwatangazia kwamba Mungu amezaliwa akiwa mtoto asiye na ulinzi, kama yeye alivyokuwa. Sidhani kama kuna mwanateolojia wa Ulaya aliyeijua habari hiyo kwa undani kumzidi.

Lazima pia tuseme yale ambayo jiwe la 1873 halikuyafanya. Biashara ya magendo iliendelea usiku baharini. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja na Pemba: amri ya kuuondoa ilitolewa mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Misheni nayo ilizaliwa katika kivuli cha manowari, na baadaye dola iliyofunga soko ikaitawala nchi. Wageni wanaoshushwa leo katika vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Jengo hilo lilijengwa na misheni, soko likiwa limekwisha fungwa. Ukweli wa Mkunazini hauhitaji kuongezewa chumvi. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, wamesimama watu watano waliochongwa na msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, katika miaka ya 1990. Shingoni wamevishwa minyororo halisi. Nyuso zao zinaangalia huku na huku, hakuna anayemwangalia mwenzake. Hiyo peke yake inatosha.

Kwa Mkristo, basi, Krismasi ni habari ya Mungu aliyejiunga na wanaohesabiwa na kuuzwa, akawafanya ndugu zake. Pilau, nguo mpya na mapambo ni furaha halali. Sikukuu bila chakula ni nusu ya sikukuu. Lakini sikukuu ambayo haibadilishi namna tunavyowatendea watu walio chini ya mamlaka yetu ni ile ile ya mashamba ya Réunion, kengele juu na watumwa chini.

Masoko hayajafungwa yote. Wako wasichana wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya shule wakaishia jikoni mwa watu bila mshahara. Wako vijana wetu wanaopelekwa Ghuba kufanya kazi za ndani na kunyang'anywa pasi zao za kusafiria siku ya kwanza. Wako watoto wanaovua samaki na kuchimba madini badala ya kukaa darasani. Wewe unayejiandaa kwenda ibada ya mkesha, anza na nyumba yako. Muulize anayekupikia jina lake kamili na kwao ni wapi. Mlipe anachokudai kabla ya tarehe 25. Mpe likizo akawaone wazazi wake. Ukimjua wakala anayeuza watu kwa jina la ajira, mripoti polisi. Ukishayafanya hayo, nenda kanisani ukaimbe kwa sauti yako yote.